Michoro ya Kucha na Udhu: Rangi, Tabaka na Swala ya Mwanamke

 

Miongoni mwa masuala ya twahara ambayo maimamu wetu huulizwa na akina mama, suala la rangi za kucha hujibiwa mara nyingi kwa neno moja. Mmoja husema, "Haramu." Mwingine husema, "Hakuna ubaya, dini ni nyepesi." Majibu yote mawili yana madhara. Binti aliyeambiwa kuwa ni haramu, naye hajawa tayari kuacha, hujiona amekwisha kuwa mwasi, na siku ambazo kucha zake zimepakwa huacha kuswali kabisa. Na yule aliyeambiwa hakuna ubaya huswali miaka kwa udhu ambao haukutimia. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, hasa kwa kuwa limepanuka. Zamani lilikuwa kichupa kimoja chekundu cha siku ya harusi. Sasa wapo mabinti wenye masanduku ya vichupa vya kila rangi, ambao hukaa nyumbani na kuchora juu ya kucha zao maua, nukta, mistari na mawimbi, na kuonyeshana ufundi.

Wanavyuoni wa Usuli husema kuwa kukihukumia kitu hutanguliwa na kukifahamu. Basi na tuanze na kitu chenyewe.

Kutia rangi kucha si jambo jipya. Wachina walitumia maua ya bustani yaliyopondwa ili kuzitia kucha wekundu, na Waarabu walitumia hina kabla ya Uislamu na baada yake. Abu Daud na An-Nasai wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) habari ya mwanamke aliyenyoosha mkono kutoka nyuma ya pazia akiwa na barua ya kumpa Mtume (S.A.W.), naye akauzuia mkono wake kwa kutojua kama ule ulikuwa mkono wa mwanamume au wa mwanamke. Alipoambiwa kuwa ni wa mwanamke, akasema kwa maana kwamba lau angekuwa mwanamke angezibadilisha rangi kucha zake, yaani kwa hina. Wanavyuoni wa Hadithi wamehitalifiana juu ya daraja ya isnadi yake, wapo walioihesabu kuwa ni hasan na wapo walioidhoofisha, lakini mafaqihi wameitaja sana katika mlango wa pambo la mwanamke. Mafaqihi wa Kishafi'i wamezungumzia pia tatrif, yaani kutia rangi ncha za vidole, na naqsh, yaani kuchora nakshi, wakaijadili na idhini ya mume katika hayo. Wanaodhani kwamba michoro ya mikono na kucha ni bidaa iliyozuliwa na saluni za mjini wangefaa kuupitia mlango huo.

Kilicho kipya ni rangi yenyewe. Rangi ya maji ya kisasa ilitolewa sokoni Marekani na Cutex mwaka 1917, na jina hilo likashika hata huku kwetu Afrika ya Mashariki, ambako wengi husema "Cutex" kwa kila rangi ya kucha, itoke kiwanda chochote. Mwaka 1932 ikaanzishwa Revlon, ambayo biashara yake ya mwanzo ilikuwa rangi ya kucha nzito isiyopenyesha mwanga. Msingi wa rangi hizi ni nitroselulosi, kitu kinachotokana na nyuzi za pamba au mti zilizopitishwa katika asidi, kisha kikayeyushwa katika vimiminiko vinavyokauka upesi. Ni jamii moja na rangi zilizopakwa magari katika miaka ya 1920. Kimiminiko kinaporuka hewani, kinachobaki juu ya ukucha ni utando mgumu, mwembamba, unaong'aa, ulioshikamana pande zote.

Hapa ndipo penye tofauti na hina. Hina huingia ndani ya ukucha na ngozi. Unga wake ukisha kuoshwa hakibaki kitu cha kushika wala cha kubandua, bali rangi tupu. Rangi ya kichupa haiingii, inakaa juu.

Na mwenye kutaka ushahidi wa jambo hili hana haja ya kwenda maabara, kwani ufundi wa mabinti wenyewe unautoa. Wanapotaka nakshi ya mawimbi mfano wa marumaru, huchukua kikombe cha maji na kudondosha humo tone la rangi. Tone hutanda juu ya uso wa maji kama utando wa mafuta. Wanadondosha rangi ya pili katikati ya ile ya kwanza, na ya tatu, mpaka zinakuwa duara ndani ya duara, kisha huzivuta kwa sindano au kijiti zikawa ua au mbavu za jani. Ukucha huzamishwa kichwa chini, na nakshi yote hujibandika juu yake kwa mara moja. Ufundi huu unawezekana kwa sababu moja tu, kwamba rangi na maji havichanganyiki. Lau maji yangekuwa yanapenya katika rangi hiyo, mchoro ungeharibika kikombeni kabla haujafika kidoleni.

Tazama pia idadi ya matabaka. Mwenye kuchora huanza na rangi ya chini isiyo na rangi ili ukucha usipate manjano. Juu yake hupaka rangi ya uwanja mara mbili. Kisha huja nakshi yenyewe, ama kwa nukta zinazowekwa na kichwa cha kibanio cha nywele, ama kwa sponji inayofifisha rangi moja ndani ya nyingine, ama kwa bamba la chuma lililochongwa michoro, ambalo hupakwa rangi, likakwanguliwa, na mchoro ukachukuliwa kwa muhuri wa mpira. Mwisho ni rangi ya juu ya kung'arisha na kulinda. Kwa hesabu hiyo ukucha mmoja unabeba matabaka manne au matano, kutoka katika vichupa vya viwanda mbalimbali.

Hukumu ya tabaka hilo

Katika aya ya 6 ya Surat al-Maida Mwenyezi Mungu ameamrisha kuosha uso na mikono mpaka viwikoni, kupaka kichwa na kuosha miguu. Kucha ni sehemu ya mkono na mguu. Na katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha katika mguu wake mahali pa kiasi cha ukucha pasipofikiwa na maji. Mtume (S.A.W.) akamwamuru arejee akautengeneze vizuri udhu wake, naye akarejea, kisha akaswali. Kipimo kilichotajwa katika Hadithi hiyo ni kiasi cha ukucha mmoja, na hapa tunazungumzia kucha kumi, au ishirini kwa mwenye kupaka na za miguu.

Imam An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria sawa na 1277 Miladia, ameliweka wazi katika al-Majmu'. Maana ya maneno yake ni kwamba ikiwa juu ya kiungo kuna nta, au unga uliokandwa, au hina na mfano wa hayo, kikazuia maji kufika kwenye sehemu yoyote ya kiungo, twahara haisihi, kiwe kingi au kidogo. Lakini ikibaki athari ya hina na rangi yake bila mwili wake, au athari ya mafuta ya maji ambayo maji hupita juu ya ngozi ingawa hayatulii, twahara imesihi. Utaona kwamba ameitaja hina pande zote mbili. Hina iliyoganda mkononi inazuia, na rangi yake haizuii. Kinachoangaliwa, basi, ni mwili wa kitu, si rangi wala jina lake. Kwa kauli hii moja, ambayo ni ya madhehebu yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, imamu anaweza kujibu nusu ya maswali anayoulizwa katika mlango huu. Piko nayo huingia hapo hapo: ikioshwa na kubaki rangi, udhu unasihi. Madhara ya piko ni ya upande mwingine, kwani nyingi zimechanganywa na dawa kali za kutia nywele weusi ambazo huwababua watu ngozi na kuacha makovu, na kujidhuru si halali.

Wapo wanaotafuta njia kupitia rukhsa walizozitaja wanavyuoni, nasi hatuwalaumu kwa kutafuta. Imam al-Ghazali aliona uchafu mdogo ulio chini ya kucha husamehewa. Ibn Taymiyya aliutanua msamaha huo kwa kila kidogo kinachozuia maji, kama tone la damu au unga. Na Mahanafi wamesema kilicho juu ya ukucha wa mtia nguo rangi hakimzuilii udhu wake. Rai zote hizi zinahusu kitu kidogo, au kitu kisichoepukika kwa mwenye kazi yake. Mtia nguo rangi hula kwa mikono ile, na hawezi kuikwangua mara tano kwa siku. Aliyekaa saa mbili kuchora maua kwa hiari yake hana dharura ya aina hiyo, wala kucha kumi zilizofunikwa zote hazihesabiwi kuwa ni kidogo.

Wengine wamekisi na khofu, wakasema mwanamke apake rangi hali ya kuwa na udhu, kisha apukuse juu yake mchana mmoja na usiku mmoja. Kiasi hiki hakisimami. Kupukusa khofu ni rukhsa iliyokuja kwa nassi, nayo ni ya miguu. Hata glavu mkononi hazipukuswi katika udhu, seuze rangi. Ama bandeji ya jeraha, hiyo ni ya dharura, na huondolewa jeraha likipona.

Rangi "zinazopumua"

Katika miaka ya karibuni suala limepata sura mpya. Kampuni ya Inglot ya Poland, ambayo mwanzilishi wake Wojciech Inglot alikuwa mkemia na alifariki mwaka 2013, ilitoa rangi iitwayo O2M, inayoelezwa kuwa inapitisha hewa na mvuke wa maji. Kufikia mwaka 2012 na 2013 habari zake zilikuwa zimeenea kwa Waislamu wa Marekani na Ulaya, na baada yake viwanda vingine vikatoa rangi zenye maandishi ya "halali" na "inafaa kwa udhu." Sasa zinauzwa mpaka huku kwetu.

Jaribio linalofanywa sana ni la karatasi ya kuchujia kahawa. Rangi hupakwa juu ya karatasi, huachwa ikauke, huwekwa karatasi nyingine chini yake, kisha tone la maji husuguliwa kwa kidole. Karatasi ya chini ikilowa, husemwa kwamba maji yamepita. Walioruhusu katika wanavyuoni wameweka sharti kwamba maji yawe yanafika kweli kwenye ukucha, na sharti hilo hatuna la kulipinga. Tunalolitilia shaka ni jaribio. Karatasi ya kuchujia ina vinyweleo ambavyo ukucha hauna, na rangi iliyopakwa juu yake haitandi kama inavyotanda juu ya kitu laini na kigumu. Kusugua kwa nguvu juu ya karatasi si kumimina maji juu ya mkono. Na mvuke si maji yanayotiririka, hali ya kuwa kuosha, kwa mujibu wa mafaqihi, ni kuyapitisha maji juu ya kiungo. Faradhi ya kuosha imethibiti kwa yakini, na maandishi ya kwenye kichupa hayatoshi kuiondoa.

Na kwa mwenye kuchora, mjadala huu karibu hauna faida. Hata tukijaalia kwamba tabaka moja jembamba la rangi hiyo linapitisha maji, mchoro ni matabaka manne au matano, na vichupa vyake vingi si vya aina hiyo. Muuzaji hadai chochote kuhusu tabaka lake likifunikwa na la mwenzake.

Lini achore

Pambo la mwanamke asili yake ni halali. Aya ya 32 ya Surat al-A'raf inawakemea wanaoharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake, na aya iliyo kabla yake inakataza israfu. Mwenye vichupa vyake na anavitumia, havikumzuia kutoa haki za watu, hatuna haja ya kumhesabia. Isipokuwa mchoro wa kucha ni zina, na hukumu ya kuidhihirisha mbele ya wasio maharimu ni ile iliyo katika Surat an-Nur, sawa na hina.

Wakati mwepesi kwake ni siku za hedhi na nifasi, kwani hana swala. Tunajua kwamba akina dada wengi huona haya, wakisema kuwa atakayeziona kucha zao atajua hali zao. Haya yao ni ya kuheshimiwa, na wenye nyumba wasiwafanyie mzaha. Ila atahadhari na rangi ya jeli inayokaushwa kwa taa. Hiyo hukaa wiki mbili au tatu, na haitoki mpaka iloweshwe kwa asetoni au isuguliwe kwa tupa. Hedhi nyingi kabisa kwa Mashafi'i ni siku 15, na desturi ya wanawake wengi ni siku sita au saba. Anayepaka jeli siku ya kwanza ya damu amejifungia mlango wa josho kabla hajaufikia.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba aliyetawadha kwanza kisha akapaka, udhu wake upo, kwa sababu maji yalifika kabla ya kizuizi. Ataswali nao mpaka utenguke. Kwa hiyo mwenye harusi ya usiku anaweza kuswali Isha, kisha akajipamba, kisha akaiondoa kabla ya Alfajiri. Mabinti wamegundua pia njia ya kupaka gundi nyeupe ya maji chini ya rangi, ili mchoro mzima ubanduke kama ganda. Kwa asiyetaka asetoni kila siku, hiyo ni njia njema, ilimradi ahakikishe kuwa gundi nayo imetoka. Rangi zenye chembe za kumetameta ni bishi, na huacha vipande pembezoni mwa ukucha, pale ngozi inapokutana nao. Pembe hizo ndizo za kukaguliwa.

Kuhusu kinachochorwa, maua, majani na maumbo ya mistari hayana neno. Picha za viumbe wenye roho zinaingia katika mlango wa taswira na khitilafu yake maarufu. Misalaba na alama za ibada za watu wengine aziache. Na asiandike Jina la Mwenyezi Mungu wala aya, hata kwa nia ya baraka, kwa kuwa mkono huo utaingia naye chooni. Mwanamke aliye katika eda ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, anajizuia na pambo hili kama anavyojizuia na hina. Na anayekwenda Hija, Mashafi'i wamempendelea mwanamke ajipake hina kabla ya kuhirimia. Rangi ya kichupa aitoe kabla ya josho la ihramu. Kucha zenyewe asizifuge, kwani imethibiti katika Muslim kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba zisiachwe bila kukatwa zaidi ya siku 40.

Aliyekwisha kuswali nayo

Swali zito ni la mwanamke anayesema: nimeswali hivi miaka mitatu, sikujua. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i swala hizo zinalipwa, akadirie mpaka apate yakini, na alipe kwa kadiri ya uwezo wake, kwa mfano pamoja na kila faradhi moja ya kulipa. Ibn Taymiyya ameona kuwa asiyejua sharti hatakiwi kulipa yaliyopita, akatoa hoja kwa yule mtu aliyeswali vibaya mbele ya Mtume (S.A.W.), akaamrishwa kurudia swala ya wakati ule tu. Sisi tunamwelekeza mwenye uwezo kwenye kauli ya kwanza, kwa kuwa ina tahadhari zaidi. Lakini imamu aliyeletewa mtu anayetetemeka kwa hofu, ambaye ndiyo kwanza amerudi kwenye swala, na akaona hesabu ya miaka itamvunja moyo aache tena, ana nafasi katika kauli ya pili, wala asiifiche.

Akigundua rangi baada ya udhu, ataiondoa, ataosha mkono, kisha atarudia kupaka kichwa na kuosha miguu, kwa kuwa tartibu ni faradhi kwa Mashafi'i. Ama katika josho la janaba au hedhi hakuna tartibu. Ataondoa rangi na kuziosha kucha zile tu, na josho lake limetimia, hana haja ya kulirudia lote. Wengi hawalijui hili, wakaona uzito wa kuoga tena usiku, wakaacha.

Limebaki la maiti. Akina mama wanaoosha maiti wanakutana na kucha zilizochorwa zaidi kuliko zamani, hasa katika vifo vya ghafla vya vijana. Rangi hiyo iondolewe kabla ya kuosha, kwani maji yanatakiwa yafike. Iliyogandishwa kwa jeli iloweshwe kwa pamba yenye asetoni na kusubiriwa. Kucha za bandia zilizoshikamana, kama haziondoki ila kwa kuchana nyama, ziachwe, kwani haramu ya mwili wa maiti ni kama ya aliye hai, na lifanywe linalowezekana. Katika sanduku la vyombo vya kuoshea, pamoja na sidiri na kafuri, kichupa cha asetoni na furushi la pamba viwekwe sasa, wasianze wafiwa kutumwa dukani wakati maji yamekwisha kutengwa.